Alama za Penseli

Jumanne, saa moja jioni, mjini Valga.
Theluji imefunika reli, nasi tumefika hata hivyo,
tunakung'uta viatu katika ukumbi wa shule
unaonuka chaki, soksi za sufu na supu ya mchana.
Mwalimu Virve hatusalimu. Anafungua dirisha.
"Kwanza pumueni," anasema. "Wimbo haujaenda popote."

Basi twapumua, watu thelathini na mmoja,
baridi ikitudai meno kama mwenye deni lake.
Õie, nesi wa zamu za usiku, anafumba macho,
nusura alale wima.
Besi wanne, wakata mbao, wote wa ukoo wa Kaasik,
wanapumua kama mafahali waliorudi zizini.

Dirisha likifungwa, tunasoma maneno bila tuni,
kavu, kama barua kutoka benki,
kama mtu anayemuuliza mwenzake chumvi iko wapi.
Mara ya tano neno "nyumbani" linaanza kuwa na uzito.
Ananyanyua kidole kimoja: hilo.
Lishikeni hilo.

Hasemi "mmekosea". Miaka kumi na tisa sijalisikia kwake.
Husema "karibu",
na karibu yake si moja:
ipo ya kukuingiza ndani ukae,
ipo ya kukwambia bado hujafika,
simama hapo hapo kizingitini.

Piano huifunga mapema.
"Mkongojo," asema, "humlemaza mzima."
Besi washike noti moja, ndefu, bila kuisukuma,
na sauti ya pili ilale juu yake
kama theluji juu ya paa: isiulize paa lina nguvu gani.

Sasa niseme langu.
Mimi Raivo, fundi bomba, sauti ya tatu, safu ya nyuma.
Nikichoka nashuka nusu ya nusu hatua,
na pumzi yangu hukatika kabla ya za wenzangu.
Najua. Mke wangu anajua. Mbwa anajua.
Nilikuja hapa kwa sababu bomba lilipasuka mazoezini;
nikakaa kungoja sakafu ikauke
na mwalimu akanipa karatasi nimshikie.
Hakuidai tena.
Kila Septemba nasubiri anivute pembeni,
aniambie kwa upole kwamba kwaya inahitaji pia
mtu wa kupanga viti.

Leo alipokwenda kuchemsha chai
kitabu chake kilibaki wazi juu ya piano.
Sikukusudia. Macho hayana pazia.
Ukurasa wa tatu, penseli, herufi kama chungu wanaohama:
*Maimu anaiogopa noti hii. Mtazame kabla.*
*Akina Kaasik watakimbilia mwisho. Waache wafike, wataona hakuna mtu.*
*Õie ametoka zamu. Asisimamishwe.*
Na juu ya mstari wa nne,
penye kile kituo ambacho wageni wa Tartu walikisifia,
ambacho gazeti la wilaya lilikiita ujasiri,
pale kwaya nzima inaponyamaza kidogo
kama mtu aliyekumbuka kitu akiwa mlangoni:
*Raivo anapumua hapa. Tumngoje.*

Kituo hicho hakimo katika nakala zilizochapwa.
Nimekagua yangu, nikakagua ya jirani.

Akarudi na birika. Akaniona, akakiona kitabu,
akamimina chai yake bila haraka.
"Mstari wa nne," akasema. "Besi watangulie."

Nikavuta pumzi yangu mahali pake,
watu thelathini wakaningoja,
na kwa mara ya kwanza nikausikia ule ukimya:
ndani yake, nyuma ya ukuta,
bomba linadondoka, tone, tone.
Kazi yangu ya kesho.

"Karibu," akasema mwalimu.
Sikuuliza ipi.